Swali la Msimamizi na Jibu la Mzee: Tathmini ya Utafiti wa Wanafunzi katika Historia za Mikoa Yetu

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia, kama ilivyo katika vyuo vikuu, mwanafunzi anayekaribia kuhitimu hutakiwa kuandika kazi ya utafiti. Hupangiwa mwalimu wa kumsimamia, huchagua mada, hurudi nyumbani wakati wa likizo kuwahoji wazee, kisha huketi kuandika. Kazi hiyo husomwa na watu wawili au watatu, hupewa alama, hufungwa jalada gumu na kuwekwa katika rafu ya maktaba. Mara nyingi safari yake huishia hapo. Wazee waliosimulia hawaioni tena, na mwanafunzi mwenyewe akisha kupata shahada huikumbuka kama mtihani aliofaulu.

Makala haya yanakusudia kuipima desturi hiyo. Nia yetu si kuibeza, kwa maana sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya historia ya watu wetu ilikusanywa na vijana waliotembea kwa miguu wakiwa na daftari mkononi. Tutaanza na mradi mashuhuri kuliko yote ya namna hii nchini Tanzania, yaani ule wa mwaka 1968 juu ya Vita vya Maji Maji. Kisha tutakwenda Kamsamba, katika bonde la Mto Momba, mahali ambapo mradi ule haukuwa na sababu ya kufika, ili tuone ni nini kinachoachwa nje utafiti unapoongozwa na swali lililotoka mbali.

Hoja yetu ni moja. Wingi wa wazee waliohojiwa hautoshi kuupima utafiti wa mwanafunzi, wala usahihi wa tanbihi zake hautoshi. Kipimo ni hiki: je, jibu la mzee liliruhusiwa kulibadilisha swali la msimamizi?

Mradi wa mwaka 1968

Katika mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake katika wilaya zilizopigana na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1907. Walioiongoza kazi hiyo ni Gilbert Gwassa na John Iliffe. Mwaka huohuo wawili hao walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo kwa niaba ya Chama cha Historia cha Tanzania, na mwaka 1969 taarifa za wanafunzi zilikusanywa pamoja kwa matumizi ya watafiti. O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walichapisha mwaka 1969 kitabu chao wenyewe juu ya vita hivyo katika Ungoni. Hilo ni jambo la kusifiwa sana, kwa sababu majina yao yalisimama juu ya jalada badala ya kufichwa katika shukrani za mwalimu.

Ili tuone uzito wa kazi ile, tupige hesabu ndogo. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 vita vilipoanza katika milima ya Umatumbi, Julai 1905, alikuwa na miaka 73 mwaka 1968. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 alikuwa na 83. Mlango ulikuwa unafungwa. Kabla ya hapo, habari za Maji Maji zilijulikana zaidi kutoka katika nyaraka za watawala na barua za wamisionari, yaani kutoka kwa wale walioshambuliwa na wale waliolipiza kisasi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Gwassa, baada ya utafiti wake, alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa iliyofuata majeshi. Tofauti hiyo ya hesabu inatufundisha kwamba nyaraka za mshindi hazitoshi. Anayetaka kujua gharama ya vita sharti aende kwenye nyumba zilizobaki bila chakula.

Matunda ya kazi ile yalienea nje ya darasa. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, na tangu hapo jina la mganga wa Ngarambe, aliyenyongwa Agosti 1905, likajulikana kwa vijana wa shule kuliko jina la gavana aliyetawala wakati ule. Ni nadra historia na fasihi kutembea pamoja kwa ukaribu namna hiyo.

Basi mradi ulifaulu. Ulikuwa na swali lililo wazi, wasimamizi waliojua kazi yao, wanafunzi waliojituma, na wazee waliokuwa tayari kusema. Kila mwalimu anayetuma mwanafunzi kijijini leo anafuata nyayo zile, ajue au asijue.

Swali lilikuwa la nani?

Hata hivyo, uhakiki hauwezi kuishia katika sifa. Swali lililowapeleka wanafunzi wale vijijini lilikuwa limeundwa kabla hawajaondoka Dar es Salaam. Mwaka 1967 Iliffe alikuwa amechapisha makala juu ya namna vita vile vilivyopangwa, akiuliza jinsi watu wa makabila mengi, wasio na mtawala mmoja, walivyoweza kuinuka pamoja. Gwassa naye aliitazama dawa ya maji kama imani iliyowaunganisha watu kuvuka mipaka ya koo na makabila. Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa pia swali la wakati wake. Uhuru ulikuwa umepatikana mwaka 1961, Muungano mwaka 1964, na Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Taifa changa lilitaka kujua lilizaliwa lini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ameitaja Maji Maji mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alipokuwa akidai haki ya watu wake kujitawala.

Mwanafunzi aliyetumwa na swali la umoja alitarajiwa kurudi na habari za umoja. Wala hatusemi kwamba alidanganya. Tunasema kwamba mtu humwaga maji katika chombo alicholetewa. Mzee aliyeanza kusimulia njaa ya mwaka fulani, au ugomvi wa baba yake na jumbe, au mke aliyekimbilia kwao, huenda alisikilizwa kwa adabu, kisha akarudishwa taratibu kwenye mada. Kila aliyewahi kuhoji anaijua sauti ile ya upole inayosema, ‘Sawa mzee, lakini tulikuwa tunazungumzia vita.’

Wahakiki wa baadaye waliliona jambo hili. Mapema, mwaka 1970, Donald Denoon na Adam Kuper waliilaumu shule ya historia ya Dar es Salaam kwamba ilikuwa ikitafuta taifa katika nyakati ambazo taifa halikuwapo. Lawama yao ilikuwa kali, na Terence Ranger, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ile, aliijibu. Wengine hawakuishia katika lawama, bali walirudi kwenye ushahidi. Thaddeus Sunseri, mwaka 1997, alionyesha kwamba katika Uzaramo mtu hawezi kuelewa chanzo cha vita bila kutazama njaa, nguruwe pori waliokula mazao, na mzigo uliowaangukia wanawake mashambani wanaume walipoondoka kwenda kufanya kazi. Jamie Monson, mwaka 1998, alionyesha kwamba katika nyanda za juu za kusini uamuzi wa kujiunga na vita au kukataa ulifuata uhusiano na uhasama wa watawala uliokuwapo tangu kabla ya Wajerumani. Mwaka 2010 yeye na James Giblin walihariri kitabu kizima kinachoyatazama mambo hayo upya.

Somo kwa mwalimu ni hili. Masimulizi yaliyokusanywa mwaka 1968 yamebaki na thamani hata baada ya swali la mwaka 1968 kupoteza nguvu. Pale mwanafunzi alipoandika alichoambiwa, hata kama hakikufaa hoja ya mradi, alimwachia mtafiti wa kizazi kingine kitu cha kushika. Pale alipoandika muhtasari unaokubaliana na hoja, alituachia hoja tu, na hoja tulikuwa nayo tayari.

Kamsamba, nje ya swali

Twende sasa Kamsamba. Kata hii iko katika Wilaya ya Momba, iliyoundwa mwaka 2012 kwa kuigawa Mbozi, na tangu mwaka 2016 iko chini ya Mkoa wa Songwe, uliotokana na Mkoa wa Mbeya. Mto Momba unapita hapo ukielekea Ziwa Rukwa, na ng'ambo yake ni Kilyamatundu, katika Mkoa wa Rukwa. Daraja lililojengwa hapo miaka ya karibuni linaunganisha mikoa ambayo zamani mvua ilikuwa ikiitenganisha. Wenyeji wa bonde hili na maeneo yanayolizunguka ni Wawanda na Wanyamwanga, na katika miongo iliyopita wafugaji, wengi wao Wasukuma, wamehamia katika mbuga za Rukwa pamoja na ng'ombe wao.

Vita vya Maji Maji havikufika huku. Kwa hiyo mtafiti wa mwaka 1968 hakuwa na la kuuliza Kamsamba. Ikiwa historia ya taifa ni historia ya upinzani, basi mahali ambapo watu hawakuinuka huonekana kama mahali ambapo hakuna kilichotokea. Je, ni kweli?

Tutazame yaliyokwisha kuandikwa juu ya eneo hili, nasi tutaona kwamba halikuwa giza. Mwaka 1909 Alois Hamberger, padre wa shirika la White Fathers, alianza kuchapisha katika jarida la Anthropos maelezo ya mapokeo na desturi za kidini za nchi ya Mkulwe, jirani na Kamsamba. Aliandika kwa Kijerumani. Mwaka 1938, tarehe 16 Desemba, kimondo kilianguka Ivuna, katika eneo hilohilo. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, na kwa sababu ni vya aina adimu mno, wanasayansi wa dunia nzima wanalijua jina la Ivuna kuliko wanavyoyajua majina ya miji yetu mikubwa. Sehemu yake imehifadhiwa London. Mwaka 1968, mwaka uleule wa mradi wa Maji Maji, Brian Fagan na John Yellen walichapisha katika jarida la Azania taarifa ya uchimbaji wao Ivuna, wakionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi kutoka katika chemchemi za pale karne nyingi kabla ya mkoloni yeyote kufika. Waliandika kwa Kiingereza.

Hapa kuna padre, jiwe na chungu cha chumvi. Vyote vitatu vimesafiri. Maelezo ya dini yalikwenda Ulaya, kimondo kilikwenda Ulaya, na habari za chumvi ziko katika jarida ambalo mwalimu wa shule ya msingi ya Ivuna hana namna ya kulipata. Hatuwalaumu waliofanya kazi hizo, kwa maana bila wao tungekuwa maskini zaidi. Lakini lazima tukiri kwamba mtu wa Kamsamba akitaka kusoma habari za Kamsamba anahitaji lugha mbili za kigeni na nauli ya ndege.

Tena, kuna mambo ambayo swali la upinzani lisingeweza kuyaona. La kwanza ni mpaka. Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mkataba wa mwaka 1890, na mwaka 1898 tume yao ilipita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ikiweka alama. Mstari ule uliwapasua Wanyamwanga. Kituo cha misioni ya Livingstonia kilichojengwa Mwenzo kilibaki upande ambao leo ni Zambia, na watu wa ukoo mmoja wakawa raia wa nchi mbili. Huko Mwenzo, mwaka 1923, Donald Siwale na wenzake waliunda chama cha ustawi kilichokuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Kabla ya hapo, mwaka 1918 na 1919, mahubiri ya Watch Tower yaliyoongozwa na Hanoc Sindano yaliwatikisa watawala na wamisionari wa eneo lile hata watu wengi wakakamatwa. Karen Fields ameyaandika hayo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1985. Je, historia hiyo ni ya Zambia au ya Tanzania? Mstari wa wapimaji haukuzuia nyimbo wala habari za harusi na misiba kuvuka. Mwanafunzi anayesoma historia ya kanisa katika nchi moja tu ataiona nusu yake.

La pili ni nzige wekundu. Mbuga za Rukwa ni miongoni mwa mahali ambapo nzige hao huzaliana, na mwaka 1949 shirika la kimataifa la kuwadhibiti liliundwa, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Nyaraka za shirika zinasema juu ya makundi ya nzige, dawa na eneo lililonyunyiziwa. Mama aliyeliona shamba lake la ulezi likiliwa kabla ya saa sita mchana anasema mambo mengine, na hayo ndiyo yanayomhusu mwanahistoria wa utamaduni.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuhamishwa kwa watu. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa, sheria ya vijiji ikiwa imepitishwa mwaka 1975. Turudie hesabu yetu ya awali. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 amepita miaka 70 sasa. Kwa mwanafunzi wa leo, habari za Operesheni Vijiji ziko karibu mahali pale ambapo habari za Maji Maji zilikuwa kwa mwanafunzi wa mwaka 1968: mashahidi wapo, lakini si kwa muda mrefu. Gwassa na Iliffe waliufikia mlango wao kabla haujafungwa. Sisi tunaupita wetu kila likizo.

Lakini swali hili ni gumu kuliko lile. Mwaka 1968 adui katika masimulizi alikuwa Mjerumani, naye alikuwa ameondoka zamani. Katika habari za vijiji, aliyebomoa nyumba huenda ni mjomba wa mwanafunzi, na aliyepata shamba zuri huenda ni mzee wa kanisa. Huo ndio mtihani wa kweli wa msimamizi.

Wajibu wa msimamizi

Wapo watakaosema kwamba tukimwacha mwanafunzi aende bila swali lililonyooka, atarudi na gunia la hadithi. Hofu hiyo ni ya haki. Nguvu ya mradi wa 1968 ilitokana na swali lake. Hatupendekezi kuliacha swali. Tunapendekeza lishikwe kama mvuvi anavyoshika kamba: imara, lakini kwa mkono unaosikia.

Kwanza, mwanafunzi aende mara mbili. Safari ya kwanza iwe ya kusikiliza bila hojaji, ili ajue watu wa mahali pale wenyewe wanabishana juu ya nini. Akifika Kamsamba na swali la dini za jadi, akakuta kwamba kila mazungumzo yanarudi kwenye ardhi ya mpunga na njia za ng'ombe, basi amepata jambo. Msimamizi asimwambie kwamba amepotea.

Pili, maneno ya mzee yatenganishwe na maelezo ya mwanafunzi. Yaandikwe katika lugha iliyosemwa, iwe Kinyamwanga, Kiwanda au Kiswahili, na tafsiri ifuate. Masimulizi yanayotofautiana yaandikwe yote. Jambo hili si la kitaaluma tu. Karatasi ikisha kuandikwa huwa shahidi. Siku moja wakulima na wafugaji wakigombea ukingo wa mto, mtu ataitoa ile kazi ya mwanafunzi na kusema, ‘Imeandikwa kwamba sisi tulitangulia.’ Kijana aliyeandika simulizi la ukoo mmoja tu, kwa sababu ndio ukoo wa mama yake, atakuwa ametoa hukumu bila kuitwa hakimu.

Tatu, watafutwe wasiotafutwa. Mwanafunzi hupelekwa na mwenyekiti wa kijiji kwa wazee mashuhuri, nao ni wanaume. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravia aliyefanya kazi Utengule katika Usafwa, aliandika masimulizi ya maisha ya watu waliopitia utumwa, wakiwamo wanawake, na Marcia Wright aliyarudisha mbele ya wasomaji katika kitabu chake cha mwaka 1993. Kwa njia hiyo tunajua namna mwanamke wa nyanda hizi asiye na ndugu wa kumtetea alivyoweza kubadilishwa kama mali na bado akajitafutia njia. Hakuna mzee wa baraza ambaye angetusimulia hayo.

Nne, kazi irudi. Nakala moja ya Kiswahili ipelekwe shuleni au katika ofisi ya kata, nayo isomwe mbele ya waliohojiwa. Watasahihisha. Usahihishaji huo uandikwe kama sehemu ya utafiti. Na msimamizi mwenyewe adaiwe ukurasa mmoja mwishoni mwa kazi, unaoeleza ni kitu gani alichokuwa akikiamini kabla, ambacho mwanafunzi wake amekigeuza. Akiwa hana la kuandika katika ukurasa huo, tutakuwa na haki ya kuuliza kijana alitumwa kufanya nini.

Neno kwa wanafunzi wa theolojia

Mwanafunzi wa theolojia ana kikwazo ambacho mwenzake wa chuo kikuu hana. Anapoingia uani, mzee hamwoni mtafiti, anamwona mchungaji wa kesho. Kwa hiyo humjibu anachodhani mchungaji anataka kusikia. Akiulizwa juu ya matambiko, atasema, ‘Hayo yalikuwa ya zamani, mwanangu, siku hizi tunasali.’ Mwanafunzi huandika kwamba mila zimekwisha, msimamizi hufurahi, na jioni ile mzee huenda kwenye shughuli zake kama kawaida.

Wala kanisa si mtazamaji asiyehusika. Septemba 1905 kituo cha Yakobi katika Ubena, cha Misioni ya Berlin, kilishambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji. Historia ya Kilutheri ya kusini imeandikwa kwa sehemu kubwa kutoka ndani ya ukuta wa kituo kile, na waliokuwa nje ya ukuta walikuwa babu za washarika wetu wa leo. Mwanafunzi anayewauliza wajukuu wao habari za siku ile anauliza akiwa amesimama upande mmoja. Ni heri alijue hilo na kulisema tangu mwanzo. Mzee akisikia kwamba kijana analijua, huenda ndipo atakapoanza kusimulia.

Tena, tumezoea kuzigawa mila katika mafungu mawili, zinazofaa kuingizwa kanisani na zisizofaa, kabla hatujazielewa. Kugawa ni kazi halali ya theolojia, lakini ni kazi ya baadaye. Luka, katika utangulizi wa Injili yake, anatuambia kwamba alijitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo kwa kuwategemea walioyaona. Aliuliza kwanza. Kupanga kulifuata.

Hitimisho

Tumeona kwamba mradi wa mwaka 1968 uliokoa kumbukumbu ambazo zingezikwa, na kwamba swali lake liliyaangaza mambo fulani na kuyaacha mengine kivulini. Tumeona kwamba Kamsamba, mahali palipoachwa na swali lile, pana chumvi, mpaka, nzige, mahubiri na kuhamishwa, na kwamba sehemu ya yaliyoandikwa juu yake iko mbali na macho ya watu wake. Hatuhitaji kuanzisha taasisi mpya ili kulisahihisha jambo hili. Wanafunzi wapo, likizo zipo, na wazee bado wapo. Kinachohitajika ni wasimamizi walio tayari kusahihishwa na watu wasiojua kusoma.

Katika kitabu cha Yoshua, mawe yaliyotolewa mtoni yaliwekwa ili watoto wa baadaye waulize maana yake na wazazi wawajibu. Tuangalie mpangilio huo. Mtoto wa mahali pale ndiye anayeuliza, na mzee wa mahali pale ndiye anayejibu, kwa lugha wanayoijua wote wawili. Mtoto wa Kamsamba anayevuka daraja la Momba kila siku kwenda shule ana maswali yake. Mwanafunzi tunayemtuma huko mwezi wa Juni aanze kwa kumuuliza ni yapi.